Sifa za Mwigaji

Wahenga walionya kwamba ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba. Ni onyo la haki kwa mtu anayekopa ili afunge harusi kama ya waziri. Likielekezwa kwa msanii, hata hivyo, mara nyingi huwa ni uvivu wa kusikiliza. Na kama kuna wasanii waliochapwa sana kwa onyo la namna hiyo, kila watu kwa lugha yao, ni vijana wa Sweden, Norway na Denmark walioanza kuimba rokenroli katika miaka ya 1956 hadi 1962 hivi.

Majina yao peke yake yalitosha kuwachekesha wahariri. Sweden ilikuwa na Rock-Ragge, ilikuwa na Rock-Olga, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Birgit Magnusson, na ilikuwa na Little Gerhard. Huko Norway, kijana Per Granberg alipachikwa jina la Elvis katikati ya majina yake mawili, likaganda hapo hadi kufa kwake. Denmark ilimtaja Otto Brandenburg kuwa Elvis wake. Wahakiki waliwaona kuwa kasuku. Wanamuziki wa jazi, ambao walikuwa wamehangaika miaka mingi kuufanya muziki wao uheshimiwe, waliwaona kuwa balaa. Na hadi leo msimulizi wa historia ya muziki wa Sweden hana subira nao: anawapitia mbiombio, anataka kufika kwa ABBA.

Mimi nataka kuwasifu, tena kwa kosa lile lile waliloshtakiwa nalo. Ni kweli waliiga. Lakini kuiga vizuri ni kazi ya masikio, koo na mwili, na kama kazi nyingine yoyote ina mafundi wake na ina vilaza wake.

Kwanza, kilichokuwepo cha kuigwa hakikuwa kingi. Redio katika nchi zote tatu ilikuwa ya umma na haikuwa na mshindani. Wakubwa wake waliichukua kuwa shule ya taifa zima, na shuleni hapo roki ilipewa dakika za kuhesabu. Vijana wakasubiri giza liingie ili wainase Radio Luxembourg katika mita 208. Mawimbi ya kati husafiri mbali usiku, ila hayasafiri kwa utulivu. Sauti huja, hufifia, huzama katika mikwaruzo, kisha huibuka tena wimbo ukiwa umeshafika pengine. Kijana wa Gävle au Bergen alipata ubeti wa kwanza, akapotewa na wa pili, akaudaka mwisho. Pengo la katikati ilibidi alijaze mwenyewe. Wanorwe walikuwa na njia nyingine pia, kwa kuwa ni taifa la mabaharia: sahani zilizonunuliwa katika bandari za Marekani zilishuka Oslo ndani ya mikoba ya vijana wa melini kabla duka lolote la mjini halijaziagiza.

Ndipo Septemba 1956 ikaja sinema ya Rock Around the Clock, yenye Bill Haley ndani yake, katika ukumbi wa Sentrum mjini Oslo. Vijana walitoka ukumbini wakajaa barabarani, wakidai roki zaidi. Polisi wakaitwa, na magazeti yakaandika kana kwamba mji umetekwa. Kwa kipimo cha fujo tulizozizoea duniani, zile zilikuwa fujo za watoto. Kilicho muhimu zaidi kwa hoja yangu ni kwamba wale vijana walikuwa wamepata kitu ambacho redio haikuweza kuwapa: waliona mabega, magoti na viganja vya watu wanaoutoa mlio ule.

Baada ya hapo kazi ilihamia chumbani. Unayo sahani moja, mashine moja na sindano moja. Unasikiliza mstari, unainua sindano, unairudisha nyuma, unasikiliza tena, mpaka mama aulize kutoka jikoni kama mashine imeharibika. Sahani ya mizunguko 45 ikichezwa kwa mizunguko 33 wimbo hushuka na kuburura miguu, lakini maneno yaliyokuwa yamebanana huanza kuachana. Unayaandika daftarini kwa tahajia ya Kiswidi, kwa sababu hiyo ndiyo tahajia unayoijua. Katika shule za sekondari za Sweden, Kiingereza kilikuwa kimekiondoa Kijerumani katika nafasi ya lugha ya kwanza ya kigeni mwaka 1946 tu, na watoto wengi wa wafanyakazi hawakuzifikia shule hizo. Hata waliozifikia walifundishwa Kiingereza cha bwana wa London mwenye mwavuli. Cha Memphis hakuna mwalimu aliyekuwa nacho.

Kwa hiyo mwimbaji hakuwa anajifunza lugha. Alikuwa anajifunza mlio, kama mtu anayejifunza ngoma. Kiswidi na Kinorwe ni lugha zenye tuni: ndani ya neno moja sauti hupanda na kushuka, na mgeni husema wasemaji wake wanaimba hata wanapoulizana saa. Roki haina haja na tuni hiyo. Inataka neno ligongwe na kuachiwa, liangukie pale ngoma inapoangukia, pigo la pili na la nne. Mswidi aliyetaka kuimba kama Presley ilimbidi kwanza aikunjue sauti aliyonyonyeshwa nayo, kisha ajifunze ile kwikwi ya makusudi ambapo neno hukatwa katikati kana kwamba pumzi imeisha. (Wadeni wana mkato wa koo katika usemi wao wa kila siku. Napenda kuamini kwamba uliwapa nafuu ya kuanzia, ingawa siwezi kuithibitisha imani hii mbele ya mwanaisimu.)

Zisikilize rekodi za wakati ule kwa makini na utawasikia watu wa zama mbili katika chumba kimoja. Kampuni za Stockholm, Karusell na Metronome na nyinginezo, zilikuwa na wapigaji wazuri wa jazi waliozoea kusoma noti, na hao ndio walioketishwa nyuma ya kijana wa roki. Mpiga ngoma anabembea kwa mwendo wa bendi kubwa za miaka ya 1940, na mwimbaji, ambaye pengine hajui kusoma noti hata moja, anauvuta wimbo mbele kwa nguvu ili ukimbie wima. Katika mvutano huo naamini ni mwimbaji aliyekuwa na haki. Wao walikuwa na elimu, yeye alikuwa na daftari na usiku mwingi wa Luxembourg.

Sikio peke yake halikutosha. Elvis Presley hakuwahi kufanya onyesho lolote katika jukwaa la Ulaya. Alikaa Ujerumani kama askari tangu Oktoba 1958 hadi Machi 1960, akapanga nyumba Bad Nauheim, na Little Gerhard alisafiri hadi huko wakakutana. Lakini hata wakati huo hakuwaimbia watu wa Ulaya jukwaani. Kwa msichana wa miaka 15 wa mji wa viwanda wa Sweden, roki ilikuwa sauti isiyo na mwili, na mwili huo aliletewa na kijana wa nchi yake. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Fundi wa namna hii haulizwi kama wimbo ni wake. Anaulizwa kama anaweza kuufanya usimame mbele za watu, utokwe na jasho.

Na alisimama wapi? Sweden ilikuwa na bustani za wananchi, ambazo vyama vya wafanyakazi vilianza kuzifungua mwishoni mwa karne ya 19. Ile ya Malmö ni ya mwaka 1891. Ndani yake kulikuwa na jukwaa la mbao, sakafu ya kuchezea dansi, kibanda cha soseji na michezo ya bahati nasibu. Mji mdogo wenye kiwanda kimoja cha karatasi ulikuwa na bustani yake, na kiangazi nyota wa nchi nzima walizizunguka. Mwimbaji wa roki aliimba nusu saa hivi, akapakia gitaa garini, akakimbizwa bustani ya pili, na ikiwezekana ya tatu, usiku uo huo. Nasema usiku kwa mazoea tu. Juni huko ni mwanga mtupu, na kaskazini zaidi jua halitui kabisa. Muziki uliozaliwa kwa ajili ya vilabu vyenye moshi na taa nyekundu uliimbwa hadharani, katika nuru ambayo inaonyesha kiraka cha koti na chunusi ya shavu. Mbele kuna wasichana wanaopiga mayowe. Nyuma yao kuna mama mwenye kigari cha mtoto, na nyuma zaidi babu mwenye tumbaku chini ya mdomo, amekuja kwa sababu kila Jumamosi huja, na hana nia ya kupendezwa. Kijana anatakiwa apige magoti, alale chali na gitaa kifuani, ainuke, aendelee kuimba kwa lugha isiyo yake, mbele ya babu yule. Wanaosema kwamba hao walikuwa wanaiga tu hawajawahi kupiga magoti mchana kweupe.

Mwaka 1958 Sweden ilifanya shindano na kumtawaza Little Gerhard kuwa mfalme wa roki. Nchi yenye mfalme halisi, tena msomi wa mambo ya kale, ikajipatia wa pili mwenye nywele za mafuta, na hakuna katiba iliyovunjika. Baadaye Gerhard alivuka hadi Ujerumani akaimba na Kijerumani pia. Wale wanaodhani mwigaji hana chake wajiulize Wajerumani walimtaka wa nini, ilhali Elvis wa kweli alikuwa anaishi kwao.

Mashabiki nao wana sehemu yao katika sifa hizi, na ni kubwa kuliko wanavyopewa. Picha tulizo nazo za miaka ile huwaonyesha wasichana wenye mikia ya nywele wakilia, na maelezo yaliyo chini ya picha huwa ya dharau. Lakini nani alijua roki Sweden mwaka 1957? Si redio, si mhakiki, si mpiga jazi. Walioijua ni watoto waliokuwa na sahani zile zile nyumbani, waliozisikiliza usiku ule ule, waliokusanya picha za jarida la Bildjournalen na kuzibandika daftarini, waliotumbukiza sarafu katika sanduku la muziki la mkahawani ili wausikie wimbo mmoja mara ya nne. Walijua kila kwikwi iko wapi. Mwimbaji alipoikosa, walinyamaza. Alipoipata, walipiga mayowe. Yowe lilikuwa alama ya mtihani, na watahini walikuwa na miaka 14. Mafundi wengi wangekuwa bora kama wangekuwa na watahini wakali namna hiyo.

Hofu ya wazazi kuhusu muziki huu haikuwa mpya. Mwaka 1940 Alice Babs, msichana wa miaka 16, alicheza na kuimba swingi katika filamu ya Swing it, magistern!, na wachungaji wakamshutumu kwa kupotosha vijana. Baadaye alikuja kuimba muziki wa kidini wa Duke Ellington. Watu wazima wa 1957 walikuwa na nafasi ya kujifunza kutokana na kisa hicho, na hawakuitumia.

Tofauti iliyokuwepo ilikuwa ya fedha. Sweden haikupigana vitani; viwanda vyake vilibaki vizima na mishahara ikapanda, hata kijana wa karakana akaweza kununua gari kuukuu la Kimarekani, refu kama mtumbwi. Vijana hao wa magari waliitwa raggare, wakawa hofu ya taifa, na mwaka 1959 Olle Hellbom akawatengenezea filamu yenye jina lao. (Huyo huyo Hellbom ndiye aliyekuja kuwaongoza waigizaji wa Pippi, yule mtoto mwenye mikia miwili ya nywele nyekundu. Hofu za taifa hazidumu.) Norway ilikuwa imekaliwa na Wajerumani miaka mitano na ilikuwa bado inajijenga, na ununuzi wa magari binafsi ulibanwa kwa vibali hadi Oktoba 1960. Shabiki wa Oslo alikwenda kumwona mwimbaji wake kwa tramu, au kwa miguu.

Sasa nifike Älvdalen, mahali ambapo ningependa kukaa muda. Ni bonde lenye misitu katika mkoa wa Dalarna, ambako wazee bado wana lugha yao ya kale ambayo Mswidi wa Stockholm haielewi. Hapo ndipo Albin Hagström alipoanza kuagiza kodiani kutoka nje mwaka 1925, kisha katika miaka ya 1930 akazitengeneza mwenyewe. Kodiani ndiyo iliyokuwa roho ya dansi za kijijini. Kampuni iliziuza, ikafungua maduka, ikafundisha watu kuzipiga. Roki ilipofika, kodiani ikawa chombo cha baba. Kiwanda kingeweza kulalamika. Badala yake, mwaka 1958 Hagström walitoa gitaa za umeme, na walizitengeneza kwa kile walichokuwa nacho. Seluloidi yenye kumetameta kama ganda la lulu, iliyokuwa ikivishwa kodiani, ikavishwa gitaa. Vitufe vya kubadilishia sauti vikafuata mtindo wa vitufe vya kodiani. Gitaa zile za mwanzo ziling'aa kama meza ya mapambo ya bibi harusi, na kijana aliyeishika alidhani ameshika Marekani, kumbe ameshika chombo cha baba yake kilichobadilishwa umbo.

Kazi kama hiyo huniondolea mashaka kabisa kuhusu kuiga. Fundi wa Älvdalen hakunakili gitaa ya Marekani skrubu kwa skrubu. Alikuwa na picha, alikuwa na mlio, na alikuwa na mikono iliyozoea kodiani. Mwigo ukapita katika mikono hiyo ukatoka ukiwa na alama zake. Waimbaji nao walifanya vivyo hivyo kwa koo zao, ila koo haliachi kitu cha kuwekwa makumbusho. Na ujira ulikuja bila kutarajiwa: mwaka 1968, Elvis aliporudi jukwaani katika kipindi maarufu cha televisheni, gitaa nyekundu aliyoonekana nayo mwanzoni ilikuwa Hagström Viking, ameiazima kwa mpigaji wa studio Al Casey. Mfalme mwenyewe, mbele ya Marekani yote, ameshika kazi ya Älvdalen.

Gothenburg nako Bo Winberg, mpiga gitaa mwenye ujuzi wa mitambo, alijitengenezea vyombo vya mwangwi na kifaa cha kurushia sauti ya gitaa bila waya. Mapema miaka ya 1960 kundi lake, The Spotnicks, lilipanda jukwaani kwa mavazi ya wanaanga. Mavazi nayaachia wengine wayasifu. Kifaa cha bila waya nakivulia kofia.

Ilikuwepo njia nyingine ya kuiga, ya mcheshi. Owe Thörnqvist wa Uppsala alichukua mwendo wa roki, na mwaka 1956 akautilia maneno ya Kiswidi kuhusu rotmos, chakula cha mizizi, karoti na viazi vilivyopondwa, ambacho Waswidi hula na nyama ya nguruwe. Watu walicheka, na wapo wanaomweka Thörnqvist upande wa mzaha kwa sababu hiyo. Siwaungi mkono. Ili mzaha ule usimame, mwendo ulibidi uwe sahihi kabisa. Roki mbovu yenye maneno ya jikoni haichekeshi mtu. Barbro Svensson wa Järvsö, aliyejulikana kama Lill-Babs kwa kumfuata Alice Babs, alivuma mwaka 1959 kwa wimbo wa kuchekesha uliotungwa na mwalimu wa shule, Stikkan Anderson. Mwalimu akaacha chaki. Miaka ya 1970 ndiye aliyekuwa meneja wa ABBA. Wanaokimbilia ABBA wangepunguza mwendo kidogo wangemkuta njiani.

Mwisho wa zama hizo ulikuja haraka, na ulianza na redio. Radio Mercur ilianza kurusha matangazo kutoka melini karibu na Copenhagen Agosti 1958, na Radio Nord ikafuata karibu na Stockholm Machi 1961. Serikali za nchi hizo zilizipiga marufuku redio za melini kiangazi cha 1962, lakini redio ya umma ya Sweden ilikuwa imeshasalimu amri kwa kuanzisha idhaa ya muziki mwepesi Mei 1961. Oktoba 1963 Beatles wakazuru Sweden, na mwimbaji wa peke yake mwenye nywele za mafuta akawa mtu wa jana akiwa na miaka 25. Otto Brandenburg alihamia kwenye uigizaji. Miaka ya 1990 Wadeni walimwona akiwa mbeba wagonjwa katika tamthilia ya hospitali ya Lars von Trier. Jerry Williams wa Solna, aliyezaliwa akiitwa Sven Erik Fernström, alikataa kuhama. Aliimba roki ile ile kwa zaidi ya miaka 50, hadi alipofariki mwaka 2018, na ni yeye ninayemtaja kila ninapoulizwa kama mwigaji anaweza kuwa mwenye mali. Anayefanya jambo moja kwa nusu karne, kwa mwili wake mwenyewe, haazimi tena.

Na Thörnqvist, yule wa viazi na karoti, alifika fainali ya mashindano ya kumchagua mwakilishi wa Sweden katika Eurovision tarehe 11 Machi 2017. Aliimba wimbo wake mpya wa bugi katika uwanja wa Solna, siku moja kabla ya kutimiza miaka 88.